Shajara ya Mradi: Kero za Kila Siku katika Darasa la Mazungumzo ya Kiingereza

Februari, kabla ya kuanza

Mradi wenyewe ni huu: muhula mzima, darasa la mazungumzo litajadili kero za kila siku tu. Mabadiliko ya tabianchi yakae pembeni, utandawazi ukae pembeni, na ile mada sugu ya "faida na hasara za teknolojia" ipumzike kabisa. Tutazungumzia anayeruka foleni, jirani mwenye kelele, rafiki aliyekopa akanyamaza, mtu anayechezea simu huku unaongea naye, ndugu wanaovutana kuhusu nani akae na mzazi mzee. Kila mada itapewa kipindi kimoja au viwili, nami nitakuwa naandika humu nilichokiona na nilichokibadilisha.

Mada kubwa sizidharau. Ila nimeona mara nyingi mno kinachotokea mwanafunzi wa ngazi ya kati akipewa mada kubwa: anatoa sentensi tatu alizowahi kuzisoma mahali, kisha anamtazama mwalimu. Hana ugomvi wowote na utandawazi. Na aliyemruka foleni anaye, tena wa juzi tu, na bado ana hasira naye.

Kwa upande wa vipimo nafuata mfumo wa Baraza la Ulaya wa kupima uwezo wa lugha, uliotolewa mwaka 2001, ule wenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2. Ninachoupendea ni kwamba umetenganisha kuongea peke yako na kupokezana maneno na mwenzako, kila kimoja na vigezo vyake. Wa B1 anatarajiwa kuingia bila maandalizi katika mazungumzo ya mambo anayoyafahamu: familia, kazi, safari, habari za siku. Wa B2 anatarajiwa kushiriki kikamilifu kwenye mjadala na kuutetea msimamo wake. Wanafunzi wangu wengi wamekwama kati ya hizo mbili. Kuingia wanaingia vizuri, lakini mtu akiwapinga tu wanarudi nyuma. Muhula huu kazi yetu iko hapo.

Vifaa ni kadi za karatasi, saa, na simu ya kurekodia. Kurekodi ni kwa ridhaa ya wote, na rekodi zitafutwa muhula ukiisha.

Februari, kipindi cha simu

Swali liliandikwa ubaoni: "Is it rude to use your phone when someone is talking to you?" Wote wakasema ni utovu wa adabu. Mmoja baada ya mwingine alisema yake, na karibu zote zilifanana: "I think it is very rude. It is not good. Thank you."

Hiyo "Thank you" ya mwisho inaeleza kila kitu. Mtu ametoa mchango wake, amekaa, zamu imekwenda kwa mwingine. Hakuna aliyemjibu mwenzake. Kila mmoja alikuwa anaujibu ubao. Hapo hata Kiingereza kingekuwa fasaha kama cha mtangazaji, bado yasingekuwa mazungumzo.

Swali la ndiyo au hapana ambalo jibu lake la heshima ni moja haliwezi kuzaa mjadala kwa lugha yoyote. Yote ya namna hiyo nimeyaondoa kwenye mpango wa muhula.

N. S. Prabhu, aliyeongoza mradi wa kufundisha Kiingereza kule Bangalore, India, kati ya 1979 na 1984, aligawa kazi za darasani kufuatana na mwanya uliopo kati ya wazungumzaji. Kuna mwanya wa taarifa, ambapo mimi najua usilolijua wewe. Kuna mwanya wa hoja, ambapo sote tuna taarifa na tunatakiwa tufikirie mpaka tufike mahali. Na kuna mwanya wa maoni. Yeye aliupa uzito ule wa hoja, na kipindi cha leo kimenionyesha kwa nini. Maoni matupu hayakawii kuisha. Ukishasema unachofikiri, umemaliza. Uamuzi unaomgusa mtu mwingine huwezi kuumaliza peke yako.

Machi, kelele za jirani

Muundo umebadilika. Hakuna swali ubaoni. Kuna kesi, kuna watu ndani yake, na kipindi hakiishi mpaka kila kikundi kiwe kimeandika masharti matatu ambayo wote wameyatia sahihi.

Wanakaa watatu watatu, kila mmoja na kadi yake, na hairuhusiwi kumwonyesha mwenzako. Mlalamikaji anaamka alfajiri kwenda kazini na muziki wa chumba cha jirani haumwachi alale. Jirani anafanya kazi mchana kutwa, saa za usiku ndizo zake pekee za kupumua, na wiki iliyopita mtoto wa mlalamikaji alilia usiku kucha naye akavumilia. Wa tatu ni mwenye nyumba, asiyetaka kumpoteza mpangaji hata mmoja.

Nimenukuu sehemu hii kutoka kwenye rekodi:

"Your music is too much. I can't sleep."
"Sorry. But last week your baby cried all night. Did I come to your door?"
"A baby is not a radio!"
"For my ears it is the same."

Kikundi kizima kiliangua kicheko, na mwenye nyumba akalazimika kuingilia: "Okay, okay. What time is good for both?" Aliyesema "For my ears it is the same" ndiye yuleyule aliyefunga kipindi kilichopita kwa "Thank you". Sentensi yake hutaikuta kwenye kitabu cha sarufi. Lakini imeishika hoja ya mwenzake pale pale ilipotua na kuirudisha, na kwa hilo nampa alama zote.

Kwenye taarifa za vikundi, jirani alianza akiwa "he" na kufika mwisho akiwa "she", kisha akarudi "he". Nimeandika pembeni. Tutalishughulikia siku nyingine, maana leo lingeua moto.

Machi, nikisikiliza rekodi

Kazi ya kusikiliza rekodi inachosha, na ndiyo iliyonifaa kuliko zote. Kuna kikundi kimoja ambacho wawili wanaongea na wa tatu kama hayupo. Ukiwatazama darasani utasema huyu ni mpole tu. Ukisikiliza kwa makini unasikia kitu kingine: anavuta pumzi, anaanza "I...", na tayari mwenzake ameshika zamu. Mara ya pili vivyo hivyo. Kisha anaacha.

Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha utafiti uliopima, katika lugha kumi, muda unaopita kati ya swali na jibu kwenye maongezi ya kawaida. Wastani ulikuwa kama sekunde 0.2. Mtu ambaye bado anatafuta kitenzi kichwani hana robo ya sekunde ya kuchezea. Kumwambia "jiamini, usiogope" ni kumwonea. Anachohitaji ni maneno mepesi yatakayomshikia nafasi wakati akili inapanga mengine: "Well...", "The thing is...", "Hang on, can I say something?" Sasa kila kipindi kinaanza na dakika chache za kuyazoeza haya mdomoni, bila mada yoyote, mpaka yatoke yenyewe.

Jambo la pili kwenye rekodi ni namna wanavyopingana, au tuseme wasivyopingana. Kati ya marafiki, "No, I disagree" inagonga sikio vibaya, na wao wenyewe wanahisi hivyo, kwa hiyo wanaona heri kukubali. Anita Pomerantz alionyesha mwaka 1984, kwa kuchambua maongezi halisi ya Kiingereza, kwamba kukubali huja haraka na waziwazi, ilhali kupinga hucheleweshwa na kufungashwa: ukimya mdogo, "well", kukubali nusu, ndipo linakuja "but". Hilo nimelileta darasani kwa sura ya maneno matatu tu: "I see what you mean, but...", "That's true, but what about...?" na "I'm not sure about that." Nafahamu madarasa yenye mabango ya misemo ukuta mzima. Binafsi sijawahi kumwona mtu akigeuka kusoma bango katikati ya ubishi.

La tatu linanihusu mimi. Mary Budd Rowe, kwenye tafiti zake za miaka ya 1970 katika madarasa ya sayansi huko Marekani, aliona walimu wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kulirudia au kumpa mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wengi zaidi walijitokeza kujibu bila kuitwa. Kwa hiyo nahesabu kimoyomoyo. Sekunde tatu za ukimya mbele ya darasa ni ndefu kuliko zinavyosikika hapa.

Aprili, deni la rafiki

Hii ndiyo mada iliyowaka kuliko zote mpaka sasa. Kesi: rafiki alikukopa, muda umepita, hajasema neno. Sasa anakualika kwenye sherehe yake, na kutokana na maandalizi unaona wazi kwamba pesa anazo. Unamdai? Lini? Kwa maneno gani?

Kadi hazikuhitajika hata kidogo. Kila meza ilikuwa na mdai na mdaiwa wa kweli, na baadhi ya watu walikuwa vyote viwili. Darasa liligawanyika kati ya wanaodai mchana kweupe na wale walio tayari kuisamehe pesa ili urafiki usivunjike. Kisha mama mmoja mtu mzima, asiyekuwa na pupa ya kuongea, akasema: "I don't want the money. I want him to say he remembers." Pakawa kimya. Kijana aliyekuwa mbele yake akafikiri kidogo: "So maybe you tell him that. Not 'give me the money'. Just 'do you remember?'"

Hakuna kadi ambayo ningeweza kuiandika ikazaa mazungumzo hayo. Nikiangalia kwa jicho la mwalimu, huyu kijana ameichukua kauli ya mwenzake, ameifanya ushauri, na amekataa njia moja ili apendekeze nyingine. Hicho ndicho kigezo cha B2, ingawa kwenye mtihani wa sarufi anapata alama za kawaida tu.

Kuhusu kusahihisha, mada hii imenilazimisha kuamua. Mwanafunzi mmoja alisema, "He borrowed me money." Nikamrudishia iliyo sahihi kwa upole, kama wengi tunavyofanya: "Oh, he lent you money." Naye kwa furaha kabisa: "Yes! He borrowed me."

Roy Lyster na Leila Ranta waliliona hili kwa takwimu mwaka 1997, katika madarasa ya shule ya msingi nchini Kanada ambako masomo yalifundishwa kwa Kifaransa. Njia hii ya kumrudishia mwanafunzi sentensi yake ikiwa imenyooshwa ilikuwa asilimia 55 ya masahihisho yote ya walimu. Lakini ni katika asilimia 31 tu ya masahihisho hayo ndipo wanafunzi walipoonyesha kuitikia kwa namna yoyote, kiwango cha chini kuliko njia nyingine zote tano. Njia zilizomsukuma mwanafunzi ajirekebishe mwenyewe zilifanya vizuri zaidi. Inaeleweka: katikati ya ubishi, mtu anaposikia "lent you" anadhani unakubaliana naye.

Basi nikajaribu njia nyingine. Nikamuuliza, "Wait. Who has the money now?" Akasimama. Akanyosha kidole kwa rafiki wa kufikirika, kisha kwake mwenyewe, kisha kwa rafiki tena. "I have it. He gave me. Ah! He lent me!" Hapa kosa lilikuwa limegeuza mdaiwa kuwa mdai, kwa hiyo lilistahili kusimamisha mazungumzo. Makosa yasiyovuruga maana naendelea kuyaandika kimya kimya. Dakika za mwisho yanaenda ubaoni bila majina, na wawili wawili wanayarekebisha wao.

Kipindi cha pili cha deni tulifanya zoezi la dakika nne, tatu, mbili, lililopendekezwa na Keith Maurice mwaka 1983 na baadaye kutangazwa sana na Paul Nation. Unamsimulia mtu kisa chako kwa dakika nne. Unahama, unamsimulia mwingine kisa kilekile kwa dakika tatu. Wa tatu anapata mbili. Mara ya kwanza kisa kimejaa "eeh" na kurudi nyuma. Mara ya tatu mapambo yameanguka, vitenzi vinakuja kwa mpangilio, na msimuliaji anajua ni wapi pa kuchekesha. Wanaofaidi ni wasikilizaji wa mwisho, kwa hiyo nazungusha mpangilio ili wasiwe walewale.

Aprili, mada za kuweka kando

Wachapishaji wa vitabu vya Kiingereza vinavyouzwa duniani kote wana orodha maarufu ya mambo ya kukwepa, inayofupishwa kwa herufi za mwanzo za majina yake ya Kiingereza, PARSNIP: siasa, pombe, dini, ngono, dawa za kulevya, itikadi zenye kuishia na "-ism", na nguruwe. Mantiki yake ni ya muuzaji. Kitabu kimoja kiingie kila soko bila kumkera mnunuzi, na ndiyo maana vitabu vingi vya mazungumzo vimejaa likizo na hali ya hewa.

Kigezo changu ni kingine: je, kuna mtu humu ndani ambaye atarudi nyumbani leo alikute hilo tatizo limekaa sebuleni? Siwezi kujua kwa kuwaangalia nyuso, hivyo niliwapa karatasi waandike bila majina mada wasizotaka kuzigusa. Ndoa nilitarajia ingetajwa. Kukosa kazi sikutarajia, na ilikuwa kwenye mpango wa mwezi huu. Imeondoka.

Mada ya mzazi mzee imebaki, ila kwa sharti moja: hakuna kuulizana "And you?" Tunamzungumzia mtu wa kwenye kadi tu, yule kaka mkubwa ambaye ndugu zake wamehamia mbali na kumwachia mzigo wote. Atakayependa kuleta yake ni hiari yake. Sharti hilo limefanya kazi kwa namna ya ajabu kidogo. Mwanafunzi mmoja alieleza kwa kirefu jinsi "this man on the card" anavyoamka mara tatu usiku kumgeuza baba yake, na jinsi dada yake anavyopiga simu kila Jumapili kutoa maelekezo. Kadi haikuwa na dada wala Jumapili. Wenzake hawakumuuliza lolote juu ya hilo. Waliuliza maswali mazuri kuhusu mtu wa kwenye kadi: analala saa ngapi, nani anampokea zamu, amewahi kumwambia dada yake ukweli?

Mei, foleni

Foleni ilianza kwa kusuasua kwa sababu ileile ya kipindi cha simu: hakuna anayewatetea wanaoruka. Ilichangamka nilipogawa kadi ya aliyeruka ikiwa na sababu yake, mgonjwa anayesubiri dawa nyumbani, na wengine wakapewa ruhusa ya kutomwamini. Sina mengi ya kuandika hapa zaidi ya hilo.

Mei, tulipofika

Nimelinganisha rekodi kwa swali moja: je, zamu hii imeshika kitu alichosema aliyetangulia, au imeanza upya? Kwenye rekodi ya simu karibu zote zilianza upya. Kwenye deni na mzazi mzee, kadiri ninavyosikia, nusu hivi zinajibu. Ni hesabu ya sikio langu, siyo ya maabara.

Kuna yaliyogoma kusogea. Wakati uliopita unapotea kila hasira inapopanda. Mtu anaanza "I told him" na baada ya sentensi mbili ni "he say, I say". "He" na "she" bado zinabadilishana nguo. Na yule wa "I..." bado haongei kwa kirefu, isipokuwa amegundua kwamba swali fupi linashika zamu vizuri kuliko sentensi ndefu. Sasa ndiye anayeuliza kuliko wote kikundini, na wale wawili waliokuwa wakimmeza wanalazimika kumjibu.

Mei, kinachofuata

Mwezi ujao kadi wataandika wenyewe. Masharti ni mawili: kesi iwe na watu wasiopungua wawili, na kila mmoja awe na sababu ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuitetea. Kadi zinaanza kuingia. Ya kwanza inahusu mwalimu anayesema "last five minutes" kisha anaendelea robo saa nzima, na mwanafunzi anayekosa usafiri kwa ajili hiyo. Upande wa mwalimu umeandikwa kwa haki kabisa, kuliko nilivyotegemea. Itajadiliwa Jumanne, na wameniomba nikae kwenye kikundi cha mwanafunzi.